Coraline: Wazo la Kitabuni Linapopewa Mwili

Anayesoma Coraline, kitabu cha watoto cha Mwingereza Neil Gaiman kilichotoka mwaka 2002, hukaa muda mrefu kichwani mwa msichana mpweke. Coraline anazurura katika nyumba kuukuu, anawaza, anajisemea, mpaka anapofungua mlango unaompeleka kwenye nyumba nyingine inayofanana na yao. Huko anamkuta mama wa pili, mkarimu kupita kiasi, mwenye vifungo vya nguo mahali pa macho.

Kwenye karatasi, wazo halina gharama. Mwandishi akisema mtoto aliogopa, yametosha. Henry Selick, aliyeongoza filamu ya hadithi hiyo katika studio ya Laika jimboni Oregon, Marekani, hakuwa na nafuu hiyo. Filamu yake ya mwaka 2009 ni ya vikaragosi: kikaragosi chenye kiunzi cha chuma husogezwa kidogo, hupigwa picha, husogezwa tena. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, kwa hiyo dakika 100 ni picha 144,000. Hofu nayo sharti ionekane, tena ibadilike usoni picha kwa picha. Mafundi walichapa nyuso za Coraline kwa printa za 3D, nusu ya juu mbali na nusu ya chini, ili paji lenye mashaka liweze kuunganishwa na mdomo unaotabasamu. Mstari wa maungio ulifutwa baadaye kwa kompyuta.

Lakini uso hausemi yote. Ndiyo maana Selick alimwongeza Wybie, mvulana asiyekuwemo kitabuni. Coraline akapata wa kubishana naye, na mawazo yake yakageuka mazungumzo. Baadhi ya wapenzi wa kitabu hawakufurahi, kwa kuwa upweke wa Coraline ulipungua. Upweke huo Selick aliuhamishia kwenye majengo: vyumba vya nyumba halisi vilijengwa vifupi na vya kubana, vikapakwa rangi zilizofifia, vya upande wa pili vikapewa kina na rangi za kuvutia. Mtazamaji anahisi kishawishi cha kubaki huko kabla hajaambiwa lolote.

Bado kuna swali: kwa nini vikaragosi, wakati waigizaji wapo? Jibu limo ndani ya hadithi yenyewe. Mama wa pili ni mtengenezaji. Ulimwengu wake ameuunda ili kumnasa mtoto, na Coraline anapotembea mbali na nyumba, miti inakwisha, unabaki weupe mtupu. Filamu inafunguka kwa mikono ya sindano inayofumua mwanasesere, inamtoa vilivyomo, inamshona upya afanane na Coraline. Karibu kila tunachokiona kimetengenezwa kwa mikono kwelikweli, hata sweta dogo lililofumwa kwa sindano nyembamba kama unywele. Uzuri unaotufurahisha ndio mtego wenyewe.

Si kila hadithi ya ajabu itafaidika hivyo. Anayechagua kitabu cha kukifanyia filamu ya vikaragosi asiishie kuhesabu maajabu yaliyomo, maana maajabu hata kompyuta inayaweza. Atafute hadithi ambayo ndani yake kutengenezwa kwa vitu kuna maana. Hapo kazi ya mafundi itakuwa sehemu ya masimulizi.