SHULE IKIFUNGWA, MASOMO YAENDELEE NYUMBANI

Wako wazazi wanaodhani ya kwamba mtoto akirudi nyumbani, kazi ya kumfundisha imekwisha mpaka mwalimu atakapomwita tena. Fikira hii haifai mahali popote, na katika nchi ya Garissa, Wajir na Mandera huleta hasara kubwa zaidi; kwa kuwa huko, zaidi ya likizo, masomo hukatizwa na ukame, mafuriko na hofu ya mashambulizi.

Tuutazame mwaka 2020. Tarehe 13 Januari watu wenye silaha waliishambulia Kamuthe, katika Garissa, wakawaua walimu watatu. Baada ya hayo walimu wengi wenyeji wa sehemu nyingine za Kenya walihamishwa, na shule kadha wa kadha zikabaki bila walimu wa kutosha. Kabla pengo hilo halijazibwa, mwezi wa Machi Serikali ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Watoto wa Gredi ya Nne na Darasa la Nane walirudi tarehe 12 Oktoba. Wenzao wa madarasa mengine ya msingi wakangoja mpaka tarehe 4 Januari, 2021. Tena mwaka 2024 Mto Tana ulifurika, na siku ya kufungua shule ikasogezwa kutoka 29 Aprili hadi 13 Mei.

Mtoto akikaa miezi mingi bila kitabu, husahau kusoma; na akisha kusahau, huona haya kurudi darasani. Hapo mvulana huenda malishoni moja kwa moja, na msichana huozwa mapema. Basi yafaa tufanye nini?

Kwanza, tuweke saa maalum. Jua la Garissa ni kali, kwa hiyo saa ya asubuhi ndiyo njema. Wazee wa Kisomali wanaijua desturi hii tangu zamani: katika dugsi mtoto huandika aya juu ya ubao wa mti uitwao loox, akazisoma mpaka zikae moyoni, kisha akafuta na kuandika nyingine. Kidogo kila siku, wala hakuna kuruka siku. Hesabu na imla zaweza kufundishwa vivyo hivyo.

Pili, kazi za nyumbani ziwe masomo. Mbuzi 18 wakitoa nusu lita ya maziwa kila mmoja, madumu ya lita tatu yatajaa mangapi? Mtoto atakayejibu matatu amefanya hesabu yenye faida kwa mama yake. Lakini kazi zigawanywe kwa zamu, ili msichana anayeteka maji na mvulana anayechunga wapate saa yao ya kitabu sawasawa.

Tatu, mzazi asiyejua kusoma asijidharau. Na amwambie mtoto asome kwa sauti maandishi ya mfuko wa unga au barua iliyotoka shuleni; akisitasita, sikio la mama litatambua. Jioni baba asimulie hadithi kwa Kisomali, na mtoto airudie kwa Kiswahili. Kwa njia hii lugha ya nyumbani humsaidia katika lugha ya shule. Wakati wa korona masomo yalitangazwa pia katika redio ya KBC. Redio moja yaweza kutumikia watoto wa maboma kadha wakikusanyika.

Nne, mtoto apate furaha. Mchezo wa shax huchorwa mchangani, una vituo 24, na kila mchezaji ana kete 12. Mshindi ni yule anayefikiri mbele. Vitendawili vya usiku navyo hunoa akili. Aliyeogopeshwa na mashambulizi asikaripiwe anapolia au kukataa kulala. Aachwe aseme, asikilizwe kwa upole, kwa maana moyo wenye hofu haushiki somo.

Haba na haba hujaza kibaba. Na siku kengele ya shule itakapolia tena, mzazi ampeleke mtoto wake siku ile ile ya kwanza, akiwa na kalamu yake mkononi, awe mvulana au msichana.