Sitiposti Haidungwi na Nyundo

Msee akitoka Gikomba na fremu ya baiskeli ya chuma, ya kitambo, ile ya majuu, rangi bado inang'aa, kitu ya kwanza kumletea noma ni sitiposti, ile nguzo ya kubeba siti. Inaingia kidogo tu alafu inagoma. Hapo ndio mtu wa base hutokea na nyundo. Manze, mzuie.

Hii maneno ni hesabu. Fremu mob za chuma za zamani, bomba ya siti iko 28.6 mm kwa nje. Ndani inategemea unene wa chuma: ikiwa 0.7 mm, shimo inabaki 27.2. Ikiwa 0.8 inabaki 27.0, na 0.9 inabaki 26.8. Ndio maana fremu za bei ya chini, zile nzito, zinakulanga sitiposti nyembamba. Na ukishika ya 27.2 kando ya 27.0, macho haiwezi kukuambia ni gani. Cheki mguu wa sitiposti, karibu na ile laini ya mwisho ya kuinua. Mara mingi saizi imegongwa hapo. Fremu nayo ipime ndani na kalipa, upande hadi upande, alafu mbele kwenda nyuma.

Lakini usikimbilie kusema fremu ni ndogo. Saa zingine ni rangi imemwagikia ndani, ama kutu, ama msee wa kwanza alikaza klampi kama hakuna kitu ndani, mdomo ya bomba ikajibana. Kuna njia fiti sana ya kujua. Paka sitiposti wino ya maka, iingize na mkono ukizungusha polepole, alafu itoe. Penye wino imekwaruzika ndio penye inagusa. Ikiwa ni juu tu, kando ya ule mwanya wa klampi, panua mdomo kidogokidogo na upige msasa zile ncha kali zimebaki. Ikiwa wino imetoka mduara mzima, basi ukubali, saizi ndio imekataa.

Kwa maoni yangu, hapo tafuta tu sitiposti ya saizi yake. Hiyo ndio dawa. Ukikosa kabisa, na sitiposti ni ya alumini yenye ukuta mnene, pelekea msee wa lethi pale Kamukunji. Kutoa 0.2 ni kunyoa 0.1 kila upande, na mashine inanyoa sawa kote. Msasa ya mkono inaacha umbo la yai, na siti itacheza na kulia ukikanyaga. Kupanua fremu ya chuma na rima, ile ya kukwangua ndani ya bomba, inawezekana, lakini unakula ukuta yenye tayari ni nyembamba, so mwachie fundi mwenye ako na vifaa na anajua kupima. Kaboni usinyoe, usipanue. Hapo hakuna mjadala.

Ikiingia, itoe tena, ufute unga ya chuma, upake gresi. Alumini ndani ya chuma, maji ya mvua ikipita hapo, zinashikana mpaka siku ya kubadilisha siti unaita mtu wa kukata. Kaboni nayo haitaki gresi, iko na pesti yake. Na ile laini ya mwisho izame ndani, hata kama una miguu mirefu, juu posti ikiwa fupi hapo chini inapasua shingo ya fremu.

Wasee, kama iko na haja ya kugongwa, kuna kitu haijakaa sawa. Wekeni nyundo chini, msome namba kwanza.