Ng'ombe Walioingia Ofisini

Wanangu wa Pemba, ng'ombe mnamjua. Mnajua kumhamisha alfajiri kabla ya kwenda skuli, kumfunga kwa kamba ndefu palipoota majani mapya chini ya minazi, na adhuhuri kumrudia na ndoo ya maji. Mwisho wake pia mnaujua: akizeeka, hazai tena wala hatoi maziwa, huuzwa kwa mchinjaji, au huchinjwa kwenye harusi, na majirani wakala. Leo nawasimulia habari za mahali ambako ng'ombe huyo mzee hachinjwi. Sasa nani atamlisha?

Mahali penyewe si pageni kwetu. Miaka na miaka majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Kutch, katika jimbo la Gujarat huko India, yakarudi na kusi. Wafanyabiashara wa asili ya huko walifungua maduka Unguja, wengine wakafika hadi Wete na Chake Chake, wakanunua karafuu. Kwao, Wahindu humheshimu ng'ombe kidini, na Wajaini, watu wa dini nyingine ya huko, huona kuua mnyama yeyote ni dhambi. Sheria ya Gujarat nayo inakataza kumchinja, na mwaka 2017 ilikazwa hadi adhabu yake ikafika kifungo cha maisha. Mkulima maskini mwenye ng'ombe aliyekauka maziwa hana wa kumuuzia, na majani ya kumpa bure hana. Wengine huwaachia tu, wakazurura barabarani wakila taka na mifuko ya plastiki.

Watu wa kheri ndio walioanza kujenga mazizi ya sadaka. Yapo ya ng'ombe watupu, huitwa gaushala. Yapo yanayopokea hata mbuzi na ndege waliovunjika mbawa, huitwa panjrapole. Matajiri huyaachia pesa, wenye maduka huyatengea kidogo katika mauzo yao, na siku za sikukuu watu huja na majani mikononi. Sisi tuna wakfu, nao uko karibu na jambo hilo: mtu hutoa nyumba au shamba la mikarafuu, pato lake likahudumia msikiti au maskini hata baada ya yeye mwenyewe kuzikwa. Na kumhurumia mnyama si mambo ya Wahindi peke yao. Chuoni mmefundishwa habari za yule mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu.

Lakini sadaka huja siku moja na kukosa nyingine, na ng'ombe anakula kila siku. Baada ya korona wasimamizi wa mazizi hayo walilalamika kwamba michango imepungua. Mwaka 2022 ukaingia ugonjwa wa mapele ngozi, ukaua ng'ombe wengi, Kutch ikaumia sana. Machi ya mwaka huohuo serikali ya Gujarat ilikuwa imeshatangaza katika bajeti yake rupia bilioni 5 za kuyasaidia mazizi: rupia 30 kwa kila mnyama kwa siku. Chukueni kalamu. Mara siku 365, kila mnyama anapata rupia 10,950 kwa mwaka. Gawanyeni bilioni 5 kwa hizo, mtaona pesa zinatosha wanyama kama 456,000 hivi.

Miezi ikapita, pesa hazikufika. Septemba wasimamizi wakachoka kungoja. Katika wilaya ya Banaskantha na jirani zake wakafungua milango ya mazizi, na maelfu ya ng'ombe wakamiminika barabarani, wengine wakaswagwa hadi ndani ya viwanja vya ofisi za serikali. Magari yakasimama. Makarani wakatoka kutazama, na mbele yao ng'ombe wenye njaa. Mimi sipendi ng'ombe kuachiwa katikati ya malori, maana anayegongwa ni yeye na hana kosa. Lakini hasira ya wasimamizi naielewa: ahadi iliyoandikwa katika bajeti hailiwi. Tarehe 30 Septemba Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akauzindua mpango huo Ambaji, mji wa hija uliomo Banaskantha hiyohiyo.

Rupia 30 hizo ni za chakula. Banda ni habari nyingine, na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana hili linatuhusu hata sisi. Msimu wa masika ng'ombe akisimama kwenye tope usiku kucha kwato zake huoza. Banda zuri lina sakafu ya zege iliyokwaruzwa ili asiteleze, yenye mteremko mdogo unaopeleka mkojo kwenye mfereji na shimo la samadi. Hori liwe juu kidogo, asikanyage majani yake. Paa lipite ukuta, mvua ya upepo isiingie. Pawe na chumba cha kuwatenga wagonjwa, na daktari wa mifugo apite kabla kupe hawajaleta ndigana. Vitu hivi hugharimu pesa nyingi kwa mkupuo mmoja, na sahani ya michango haivifikii. Hapo ndipo serikali inapofaa kuingia.

Ikiingia, lazima ihesabu. Anayelipwa kwa idadi ya vichwa anaweza kushawishika kuandika ng'ombe asiyekuwepo, ndiyo maana India ng'ombe huvishwa hereni sikioni yenye namba ya tarakimu 12. Na wachangiaji wasikunje mikono kwa kuwa serikali imetoa, kwani ruzuku ikichelewa tena, majani ya kesho yatatoka kwao.

Mkiniuliza ningeanza na nini kama ningepewa pesa za kutengeneza zizi moja tu, ningeanza na maji. Ng'ombe mkubwa siku ya jua kali hunywa baina ya lita 30 na 50, nanyi mnaobeba ndoo mnajua hizo ni safari ngapi za kisimani. Zizi la ng'ombe 200 likikosa kisima chake na tangi, watu wake watashinda wakibeba maji tu, na mgonjwa aliyelala pembeni hapati wa kumtazama.