Pikipiki za tu-stroki: mtaji umo kwenye kadi

Mwenye Yamaha DT 125 au Suzuki TF 125 iliyokufa uani asiharakishe kumwita mnunuzi wa chuma chakavu. Pikipiki hizo, ambazo kwa miaka mingi ziliwabeba mabwana shamba hadi vijijini, zina injini ya mipigo miwili, ambayo mafundi huiita tu-stroki. Bodaboda za leo ni Boxer na TVS za mipigo minne, na bidhaa inayoadimika huanza kuulizwa.

Huko nje zimeshaulizwa sana. Suzuki RG500 Gamma, yenye silinda nne kama ya mashindano, ilianza kutengenezwa 1985 na haikudumu. Yamaha RD500LC iliitangulia mwaka mmoja. Sheria za moshi zikakaza, na mwaka 2002 mashindano ya dunia yakazifungulia mlango injini za mipigo minne za cc 990. Valentino Rossi alikuwa bingwa wa mwisho wa daraja la cc 500, mwaka 2001. Zilizobaki sasa hugombewa na wakusanyaji.

Mvuto wake unaeleweka. Injini hii hutoa nguvu kila mzunguko wa krenki, wakati ya mipigo minne husubiri mizunguko miwili. Haina vali, hivyo ni nyepesi. Ubaya wake ni oili inayoungua pamoja na petroli, ndiyo ule moshi wa buluu.

Bimota ya Italia iliamini imepata dawa. Mwaka 1997 ilitoa V Due ya cc 500, inayopuliza petroli ndani ya silinda bila kabureta. Mfumo ukasumbua, wateja wakarudisha pikipiki, na hasara hiyo ikachangia kuiangusha kampuni. Leo V Due hiyo hiyo inatafutwa na wakusanyaji. Kiwanda hakikuambulia kitu katika kutafutwa huko.

Kwa mnunuzi wa Kariakoo, hatari iko kwenye karatasi. Pikipiki za miradi zilikuwa na namba za DFP, za serikali STK. Ikiuzwa mnadani, kisha ikapita mikono mitatu bila jina kubadilishwa, inakuja kwako na stori ndefu na kadi ya mtu mwingine. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na kadi kabla ya kutoa hata shilingi ya utangulizi. Isiyoweza kupata namba ya MC kwa jina lako ni spea tu, hata ing'ae vipi.

Kisha fundi apime mgandamizo na atazame sili za krenki. Zikivuja, injini hunyonya hewa na pistoni huungua. Atazame pia kama pampu ya oili ipo. Wengi waliing'oa wakawa wanachanganya oili kwa chupa; pikipiki inatembea, ila mkusanyaji atakukata bei.

Na fedha hukwama. Soko la Hisa la Dar es Salaam hukupa bei kila siku ya kazi. DT hukupa bei siku mnunuzi akipatikana. Mwenye mtaji mdogo, kwa maoni yetu, aanze na pistoni na ringi za asili, zisizohitaji kadi wala maegesho. Bandia zipo, na maboksi hufanana: nenda na kalipa, upime kabla ya kulipa.