Likizo ya Mwanafunzi na Dawa ya Mgonjwa

Kila mwaka, vyuo vyetu vikuu vifungapo milango kwa likizo ndefu, maabara za famasia nazo hutulia. Mizani hufunikwa, chupa hupangwa makabatini, na vijana walioanza kuvizoea vyombo hivyo hutawanyika. Wengine hupelekwa hospitalini na katika maduka ya dawa kwa mafunzo ya vitendo, nayo ni kazi njema ambayo hatuidharau hata kidogo. Lakini kazi hiyo humfundisha kijana kutoa dawa iliyokwisha kutengenezwa na watu wengine. Kuuliza kwa nini dawa ile imetengenezwa vile, na kama isingeweza kutengenezwa ikamfaa zaidi mgonjwa wetu, hungoja mpaka mwaka wa mwisho, wakati kijana anapoandika utafiti wake mfupi huku mitihani ikimkaba koo. Sisi twaona kwamba hapo taifa lapoteza mali, na mali yenyewe ni akili ya ujana.

Wako watakaosema kwamba mwanafunzi wa shahada ya kwanza hana la kuchangia katika elimu kubwa kama hii ya dawa. Na watazame yaliyotendeka Kanada mwaka 1921. Daktari kijana aliyeitwa Frederick Banting alimwendea Profesa J. J. R. Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto, akaomba mahali pa kuijaribu fikra yake juu ya kongosho na ugonjwa wa kisukari. Profesa alikuwa na mashaka, walakini alimpa chumba, mbwa wa majaribio, na msaidizi. Msaidizi huyo alikuwa Charles Best, kijana wa miaka 22, ambaye ndiyo kwanza amemaliza masomo ya shahada yake ya kwanza.

Katika miezi ile ya joto, wakati wengine wako likizoni na profesa mwenyewe amekwenda kwao Scotland, wawili hao walishinda maabarani. Walikamua dawa kutoka katika kongosho la mbwa, wakawadunga mbwa wengine waliotiwa kisukari, na Best akapima sukari katika damu yao mara kwa mara. Januari 1922 dawa hiyo, insulini, ilidungwa katika mwili wa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 ambaye maisha yake yalikuwa yakiisha. Dawa ya kwanza haikuwa safi, haikumfaa sana. Mwanakemia James Collip akaisafisha, na sindano za pili, mwezi ule ule, zikaishusha sukari ya mtoto yule. Mwaka 1923 Banting na Macleod walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Banting akagawana fedha zake na Best, na Macleod akagawana zake na Collip.

Hatusemi haya ili kumdanganya kijana yeyote kwamba likizo moja itampa insulini nyingine. La hasha. Wengi wafanyao utafiti wakati wa likizo hawagundui kitu cha kuandikwa magazetini. Twasema haya kwa sababu kisa cha Toronto chaonyesha mambo matatu yaliyokutana: chumba kilichokuwa wazi, mzee aliyekubali kukitoa ijapokuwa alikuwa na shaka, na kijana aliyekuwa na muda. Mambo hayo matatu hayapatikani Toronto peke yake.

Insulini yatufundisha na jambo la pili. Dawa ile ni protini. Mtu akiimeza, tumbo huimeng'enya kama limeng'enyavyo nyama au maharage, na mgonjwa hapati faida. Ndiyo maana yapasa idungwe. Na hata ikidungwa, mwanzoni ilikuwa haikai mwilini muda mrefu, mgonjwa akawa mtu wa sindano mchana kutwa. Mwaka 1936 Hans Christian Hagedorn wa Denmark na wenzake walieleza jinsi ya kuichanganya na protamini, kitu kitokacho kwa samaki, ili iingie katika damu polepole. Insulini ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni njia ya kuifikisha. Dawa ni kama barua: hata ikiandikwa vizuri namna gani, isipomfikia mwenyewe, na kwa wakati wake, ni karatasi tu.

Elimu hiyo ya kuifikisha dawa mahali pake, kwa kiasi chake na kwa muda wake, imekuwa fani kubwa. Mwaka 1976 Robert Langer na Judah Folkman, waliofanya kazi pamoja mjini Boston, Marekani, walionyesha kwamba hata molekuli kubwa kama za protini zaweza kufungwa ndani ya vitu vya jamii ya plastiki, zikatoka kidogo kidogo kwa siku nyingi. Wataalamu wengi walikuwa wakidhani jambo hilo haliwezekani.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya ng'ambo yasiyomhusu. Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya majaribio ya dawa ya lenacapavir, yaliyofanywa Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana na wanawake vijana. Dawa hiyo hudungwa chini ya ngozi mara mbili tu kwa mwaka, ikabaki hapo na kuachiliwa polepole. Katika wanawake 2,134 waliopewa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI. Fikiri tofauti iliyopo kati ya binti anayelazimika kuficha chupa ya vidonge na kukumbuka kumeza kila siku, na binti mwenye sindano mbili kwa mwaka.

Tazama vile vile malaria ya watoto. Kwa miaka mingi mama zetu walisaga vidonge vichungu vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, mtoto akatema nusu, na hakuna aliyejua ni kiasi gani kimeingia tumboni. Kisha kikatengenezwa kidonge cha mseto kiyeyukacho upesi katika maji, chenye ladha tamu. Kilijaribiwa katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo, na kikaanza kutolewa mwaka 2009. Dawa zilizomo hazikuwa mpya. Kipya kilikuwa ni kumfikiria mtoto.

Lakini bado iko kazi. Insulini ambayo haijafunguliwa yataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na oksitosini, dawa inayomwokoa mzazi asimwage damu baada ya kujifungua, nayo yataka ubaridi huo huo. Twauliza: ni nani atakayekosa usingizi kwa sababu ya zahanati isiyo na jokofu, au yenye jokofu na umeme unaokatika? Je, ni kijana wa Boston, au ni kijana aliyezaliwa karibu na zahanati hiyo?

Nchini Marekani jambo hili la likizo limekwisha kuwa desturi. Tangu mwaka 1987 Shirika la Taifa la Sayansi la nchi hiyo limekuwa likitoa fedha ili wanafunzi wa shahada ya kwanza, mara nyingi vijana 10 hivi mahali pamoja, wafanye utafiti wakati wa likizo, kwa kawaida kwa muda wa wiki 10 hivi, chini ya mwalimu, nao hulipwa posho. Vyuo vya famasia navyo vina mipango ya namna hiyo. Lakini kijana wetu anayeisoma habari hiyo kwa shauku hukuta mwishoni kwamba fedha hizo za serikali ni za raia wa Marekani na wakazi wao wa kudumu. Hatuwalaumu. Kila mtu hulima shamba lake kwanza. Ila wahenga wetu walituonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi na tuulime wetu. Wafamasia wamekuwa wakisomeshwa Muhimbili tangu mwaka 1974, na leo wasomeshwa pia Bugando kule Mwanza, katika Chuo cha Mtakatifu Yohana kule Dodoma, na kwingineko. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikiri kwamba mamlaka yetu ya kusimamia dawa imefika daraja la tatu la ubora, ya kwanza katika Afrika. Walimu tunao, na maabara tunazo. Twashauri kila chuo cha famasia kianze na vijana 10, kwa wiki 10, wawili wawili chini ya mwalimu mmoja. Tume ya Sayansi na Teknolojia itoe posho ya chakula na malazi, ili mtoto wa mkulima asishindwe kubaki chuoni kwa sababu ya nauli na ugali. Bohari ya Dawa na viwanda vyetu vya dawa vilete maswali yanayovisumbua.

Maswali yenyewe si lazima yawe makubwa. Mama hukata kidonge kwa wembe ampe mtoto nusu: je, nusu hizo mbili ni sawa? Mizani na subira vyatosha kulijibu swali hilo. Vidonge vya dawa moja, vya viwanda mbalimbali, huyeyuka kwa kasi ile ile katika maji yenye joto la mwili wa binadamu? Dawa iliyokaa miezi mitatu katika duka lenye paa la bati lisilo na dari, yabaki na nguvu yake? Majibu ya maswali hayo yana faida kwa mgonjwa, na kijana anayeyatafuta hujifunza kupima, kukosea, kurudia, na kuandika alichokiona badala ya alichokitamani.

Twajua watakaosema kwamba fedha hakuna na walimu wamechoka. Ni kweli kwamba mwalimu huhitaji kupumzika, naye astahili malipo kwa kazi ya ziada. Lakini chombo kilichonunuliwa kwa fedha za wananchi na kufunikwa kwa shuka miezi mitatu ni sawa na ile talanta iliyofukiwa ardhini na mtumishi mwoga. Wengine watasema wanafunzi watafanywa wa kuosha chupa tu. Hilo laweza kuzuiwa kwa sharti moja: kila kijana, likizo iishapo, asimame mbele ya walimu na wenzake, aeleze kwa Kiswahili fasaha aliuliza nini na aliona nini. Aliyeosha chupa tu atajulikana siku hiyo, na mwalimu wake vile vile.

Tangu siku za uhuru tumewataja maadui zetu watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Maradhi hayaendi likizo. Yatupasa kuwapa vijana wetu ufunguo wa maabara katika miezi ile ambayo hakuna mwingine anayeutumia, na twaiomba Wizara ya Elimu na ile ya Afya zikae pamoja na wakuu wa vyuo, zilipange jambo hili kabla likizo nyingine haijafika.