Kenilworth: Kijiji cha Matajiri Kando ya Chicago

Neno la Kifaransa banlieue, jinsi linavyosikika leo, humletea msomaji picha ya maghorofa yaliyochakaa na vijana wasio na kazi. Mwanafunzi wetu aliyelizoea neno hilo, akisoma habari za Marekani, hupata shida: huko watu wa tabaka la kati na matajiri ndio waliohamia pembezoni mwa jiji kwa muda mrefu, na umaskini ukabaki katikati. Kiswahili cha pwani kina neno kiunga, ambalo asili yake ni bustani na mashamba ya miti yaliyo ukingoni mwa mji. Neno hilo halina kashfa wala sifa ndani yake, na kwa sababu hiyo tunalitumia hapa.

Kiunga tunachokusudia kukieleza ni Kenilworth, katika jimbo la Illinois. Tumekichagua kwa kuwa historia yake inaonyesha wazi jambo ambalo kwingineko limefichika: kwamba mji wa matajiri huandikwa kwanza, katika hati za ardhi na kanuni za ujenzi, kabla haujajengwa.

Kenilworth iko ufukweni mwa Ziwa Michigan, yapata kilomita 25 kaskazini ya kitovu cha Chicago, kati ya Wilmette na Winnetka. Eneo lake ni kama kilomita moja na nusu za mraba. Sensa ya mwaka 2010 ilihesabu wakazi 2,513, na ile ya mwaka 2020 ikahesabu 2,514. Msomaji azilinganishe tarakimu hizo. Kisheria mahali hapa huitwa kijiji, kwa sababu sheria za Illinois hulitumia jina hilo kwa aina mojawapo ya serikali za mitaa, bila kuuliza kama wakazi wanalima au wanamiliki mabenki. Mfasiri atakayeandika "kijiji" bila maelezo atakuwa ametafsiri sawasawa, na msomaji wake atakuwa amepotea.

Mwanzilishi wake, Joseph Sears (asichanganywe na Richard Sears wa maduka yanayojulikana), alikuwa mmoja wa wakuu wa kampuni ya N. K. Fairbank ya Chicago, iliyotengeneza sabuni na mafuta. Mwaka 1889 alinunua ekari zipatazo 223 kwa dola 150,300. Njia ya reli ilikwisha kupita hapo, kwa hiyo mtu angeweza kufanya kazi katika moshi wa Chicago na kulala penye hewa ya ziwa. Jina lilitoka Uingereza, kwenye mji na ngome ya Kenilworth ambayo Walter Scott aliitungia riwaya. Barabara nazo zikapewa majina kama Warwick na Leicester. Ardhi hiyo haikuwahi kuona mtemi wa Kiingereza, lakini mnunuzi alijua mara moja anauziwa heshima ya namna gani. Mwaka 1896 makazi hayo yakawa na serikali yake.

Sears aliweka masharti manne ambayo wanahistoria wa mahali hapo wenyewe wameyahifadhi: viwanja viwe vikubwa, ujenzi uwe wa kiwango cha juu, pasiwe na vichochoro nyuma ya nyumba, na ardhi iuzwe kwa watu weupe peke yao. Kwa mtu wa isimu, namna yalivyopangwa ndiyo inayoshangaza. Sharti la nne limekaa katika safu moja na mengine, kana kwamba rangi ya jirani ni jambo la aina moja na upana wa ua. Sharti linalohusu vichochoro nalo si dogo: katika Chicago vichochoro ndivyo vilivyopitisha taka, makaa na watumishi. Msanifu George W. Maher, aliyehamia Kenilworth na kubuni nyumba zake nyingi, alijenga uzuri wa kweli juu ya msingi huo, na hatuna sababu ya kuukana.

Sharti la namna hii liliposhikamanishwa na ardhi liliendelea kumfunga kila mnunuzi aliyefuata. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu yake. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizikataza serikali za miji kutenga watu kwa rangi kwa kutunga sheria. Mikataba baina ya watu binafsi ikaachwa, na katika viunga vingi vya Marekani ikafanya kazi iliyokatazwa serikali. Mwaka 1948 mahakama hiyohiyo iliamua kwamba hakimu haruhusiwi kuilazimisha mikataba hiyo, na mwaka 1968, siku chache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, sheria ya makazi ikakataza ubaguzi wenyewe. King mwenyewe alikuwa amehutubia Winnetka, mlango wa pili, mwezi Julai 1965, kuhusu jambo hilohilo. Familia ya kwanza ya watu weusi iliingia Kenilworth mwaka 1964. Miaka miwili baadaye vijana walichoma msalaba mbele ya nyumba yao.

Je, baada ya sharti la nne kufa, nini kilibaki? Yalibaki matatu ya kwanza. Penye viwanja vikubwa vya nyumba ya familia moja moja, mwalimu, muuguzi na mkata majani hawapati pa kupanga. Ongeza habari ya shule. Katika Illinois sehemu kubwa ya fedha za shule hutokana na kodi ya majumba ya mahali penyewe. Hivyo penye majumba ya thamani shule hupata fedha nyingi, shule nzuri hupandisha bei ya majumba, na bei humchuja mnunuzi. Kenilworth ina shule yake ya msingi, yenye jina la Joseph Sears, na vijana wake huendelea katika New Trier, shule ya sekondari yenye sifa kubwa. Anayenunua nyumba hapa hununua pamoja nayo dawati la mtoto wake.

Mwaka 2003 jimbo lilipitisha sheria ya kuzitaka serikali za mitaa zenye uhaba mkubwa wa nyumba za bei nafuu ziandike mpango wa kuziongeza, na Kenilworth ikawa miongoni mwa zilizoorodheshwa. Mwaka 2006 ikaingia katika orodha nyingine: ile ya mahali 11 pa kihistoria palipo hatarini zaidi Marekani. Majumba ya zamani yalikuwa yakibomolewa na matajiri wapya waliotaka makubwa zaidi.

Tangu Januari 2022 sheria ya Illinois inamruhusu mwenye nyumba kuomba sharti la ubaguzi liondolewe katika hati yake. Haigusi upana wa viwanja wala kodi ya shule.