Tashihisi katika katuni za mwili: mchukuzi na mzigo wake

Katika makala haya mafupi tunakusudia kueleza jinsi filamu za katuni zinavyofundisha elimu ya mwili, na mahali ambapo mwalimu wa Kiswahili hana budi kuzikamilisha. Mfano wetu ni mfululizo wa Kifaransa Il était une fois… la Vie, wenye vipindi 26, uliobuniwa na Albert Barillé na kuanza kuonyeshwa Ufaransa mwaka 1987.

Mbinu kuu ya mfululizo huo ni tashihisi. Ubongo unaongozwa na mzee mwenye ndevu ndefu. Chembe nyeupe za damu ni askari. Chembe nyekundu ni wachukuzi wanaobeba mapovu ya oksijeni mgongoni kutoka mapafuni. Majina ya wachukuzi wawili yamekatwa kutoka neno moja, hemoglobini, ambayo ndiyo protini inayoshika oksijeni. Mtoto aliyewafuata safarini hasahau tena kazi ya damu.

Hata hivyo, kila tashihisi ina mpaka wake. Chembe nyekundu haina mgongo wala mikono: oksijeni hukaa ndani yake, imeshikwa na hemoglobini. Huishi siku 120 hivi, na tone la milimita moja ya ujazo huwa na chembe kama hizo zipatazo milioni 5.

Mpaka huo una uzito mkubwa kwetu Kongo, ambako ugonjwa wa selimundu umeenea. Hapa adui hakutoka nje, wala askari hawakuzembea. Hemoglobini yenyewe ina kasoro, ambayo mtoto ameirithi kwa baba na kwa mama pia. Oksijeni ikipungua, chembe hujipinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na maumivu makali hufuata. Jina la Kiswahili, seli na mundu, tayari limechora picha hiyo. Mzazi akiielewa, hatamtafuta mchawi miongoni mwa jamaa, bali atampeleka mtoto hospitalini.

Kwa kumalizia, twashauri mwalimu asimamishe filamu mara kwa mara, aulize nani anabeba nini na kukipeleka wapi, ataje istilahi ya Kiswahili, kisha achore ubaoni kile ambacho katuni haikuonyesha. Picha hufungua mlango. Neno sahihi ndilo humwingiza mwanafunzi ndani.